Major Taylor: Bingwa wa dunia wa baiskeli aliyezikwa kaburi lisilo na jina

Juni 21, 1932, mwanaume mmoja wa miaka 53 alifariki dunia katika hospitali ya Cook County mjini Chicago, Marekani. Alikuwa kwenye wodi ya wagonjwa wasio na uwezo wa kulipia matibabu. Mkewe na binti yake hawakuwepo. Akazikwa kaburi la maskini, bila hata jiwe lenye jina lake.

Kumbe aliyelala pale aliwahi kuwa mtu mwenye kasi kuliko wote duniani juu ya baiskeli. Anaitwa Marshall Walter Taylor, maarufu kama Major Taylor.

Ukifuatilia maisha yake, kuna jambo moja linajirudia: kila akishinda kwenye baiskeli, anafungiwa mlango mahali pengine kwa sababu ni mweusi.

Alivyoanza

Taylor alizaliwa Novemba 26, 1878 huko Indianapolis. Wazazi wake walikuwa wamehamia hapo kutoka jimbo la Kentucky. Baba yake, Gilbert, alipigana kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na baadaye akawa anaendesha gari la farasi la familia moja tajiri ya Wazungu, akina Southard.

Akiwa na miaka kama minane, Taylor alianza kumfuata baba yake kazini. Huko akajenga urafiki wa kufa na kuzikana na mtoto wa tajiri, aliyekuwa wa rika lake. Familia ile ikamchukua akaishi nao. Alivaa kama wao, alisoma nao, na alipata baiskeli kama watoto wengine wa mtaa ule.

Ila siku wenzake walipokwenda mazoezini kwenye ukumbi wa YMCA, yeye alikatazwa. Hawakuruhusu mtu mweusi. Akabaki kuwatazama wenzake wakicheza. Kumbuka jina hilo la YMCA, litarudi.

Familia ya Southard ilipohamia Chicago, mama yake hakukubali kuachana na mwanawe. Dogo akarudi kwao, akaanza kusambaza magazeti kwa baiskeli. Barabarani alikuwa akifanya mbwembwe za kila aina juu ya baiskeli yake.

Mbwembwe hizo zikampatia ajira. Duka la baiskeli la Hay & Willits lilimwajiri kwa dola 6 kwa wiki, afagie duka asubuhi, na jioni afanye maonyesho nje ili kuvuta wateja. Alifanya hivyo akiwa amevaa sare ya kijeshi, watu wakamwita Major, yaani Meja. Jina likaganda hadi leo.

Mwenye duka ndiye aliyemwingiza kwenye mbio za kwanza, za maili 10. Lengo lilikuwa watu wacheke kidogo, dogo aendeshe hatua chache kisha akae pembeni. Dogo akamaliza wa kwanza.

Ahama mji

Mwaka 1894, chama kikubwa cha waendesha baiskeli Marekani kilipitisha sheria ya kuzuia watu weusi kuwa wanachama. Kwa kijana mweusi mwenye ndoto za mbio, hiyo ilikuwa taarifa mbaya.

Bahati nzuri akatokea mtu aliyemwamini. Louis Munger, aliyewahi kuwa mshindani kabla ya kugeukia utengenezaji wa baiskeli, alimpa kazi na kuanza kumfundisha. Wenzake walimshangaa Munger kwa kumlea kijana mweusi, lakini hakurudi nyuma. Mwaka 1895 wote wawili wakahamia Worcester, jimbo la Massachusetts, ambako angalau angeweza kufanya mazoezi kwa amani.

Mwaka uliofuata alirudi Indianapolis na kuendesha kwa kasi iliyovunja rekodi ya uwanja mmoja wa pale. Badala ya pongezi, akapigwa marufuku kwenye viwanja vya mji huo. Mji aliozaliwa!

Figisu uwanjani

Desemba 1896, akiwa na miaka 18, Taylor aliingia rasmi kwenye mbio za kulipwa katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Kwanza alishinda mbio fupi ya nusu maili, akimwacha Eddie Bald, mmoja wa mastaa wakubwa wa wakati ule. Kisha akaingia mbio za siku sita mfululizo, ambazo mtu analala kidogo sana na kurudi kwenye baiskeli. Akamaliza wa nane, akiwa ameendesha zaidi ya kilomita 2,700.

Kuanzia hapo wapinzani wakajua huyu si wa kubezwa. Na figisu zikaanza. Walijipanga kumbana katikati, mmoja mbele, mwingine pembeni, ili asipate njia ya kutoka. Wengine walimsukuma kwa makusudi.

Mwaka 1897 huko Taunton, Massachusetts, mpinzani mmoja aliyeitwa Becker alimvaa baada ya mbio na kumkaba koo hadi akapoteza fahamu. Adhabu yake? Faini ya dola 50. Mwaka huohuo waandaaji wa mbio za majimbo ya kusini walikataa kumsajili, hivyo akakosa pointi za kuwania ubingwa wa taifa.

Taylor hakuwa mtu wa kurudishia ngumi. Alikuwa Mbaptisti mshika dini, hanywi pombe, na Jumapili hagusi mbio hata kwa pesa nyingi. Jibu lake lilikuwa la kiufundi: alijifunza kuchomoka kwenye upenyo mdogo na kutimua mbio kabla hawajamfunga.

Bingwa wa dunia

Agosti 10, 1899, mjini Montreal, Kanada, Taylor alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi za maili moja. Alikuwa na miaka 20. Akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa baiskeli. Kabla yake, mtu mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia wa mchezo wowote ni bondia Mkanada George Dixon.

Novemba mwaka huo, Chicago, aliendesha maili moja, sawa na kilomita 1.6, kwa sekunde 79 tu. Alikuwa nyuma ya chombo cha injini kilichomkinga na upepo, na bado hiyo ni kasi ya kama kilomita 73 kwa saa. Si mchezo, hasa ukikumbuka baiskeli za enzi hizo.

Pesa zikaanza kuingia. Mwaka 1900 alinunua nyumba nzuri Worcester kwenye mtaa wa Wazungu. Majirani wakaja na ofa ya kumlipa zaidi ya alichonunulia ili aondoke. Akakataa, akakaa.

Ufaransa na Australia

Wafaransa walimtaka kwa muda mrefu, lakini kikwazo kilikuwa Jumapili, siku ambayo Ulaya viwanja hujaa. Mwaka 1901 wakakubali masharti yake. Mei 16 alikutana na Edmond Jacquelin, bingwa wa dunia wa 1900, kwenye uwanja wa Parc des Princes, Paris. Siku ilikuwa ya baridi na Taylor akapoteza. Jacquelin akamfanyia ishara ya dharau mbele ya umati.

Siku 11 baadaye wakarudiana. Taylor alishinda mzunguko wa kwanza, akashinda na wa pili. Hakukuwa na haja ya wa tatu.

Mwaka 1902 alimuoa Daisy Morris, kisha wakaenda Australia, ambako alilipwa vizuri. Binti yao alizaliwa huko Mei 1904, wakampa jina Rita Sydney, la mji aliozaliwa.

Lakini mwili na akili vilikuwa vimechoka. Waliporudi Marekani kupitia San Francisco, hoteli na migahawa ikawakatalia. Mtu aliyetoka kushangiliwa na maelfu ya watu alikosa pa kula na familia yake. Akapumzika mbio kwa zaidi ya miaka miwili.

Alirudi Ufaransa mwaka 1907, na mwaka 1909, pesa zikiwa zimebana, akakubali kukimbia Jumapili. Msimamo alioulinda tangu ujana ukaishia hapo. Mwaka 1910 akastaafu.

Mwisho mgumu

Maisha baada ya mbio hayakumpokea vizuri. Aliomba kusoma uhandisi chuoni Worcester, akakataliwa kwa kuwa hakuwa na cheti cha sekondari. Biashara yake ya tairi za magari ikala akiba. Nyumba ile aliyokataa kuwauzia majirani, mwishowe akaiuza.

Mwaka 1928 alichapisha kitabu cha maisha yake kwa gharama zake, akawa anakiuza mwenyewe nyumba kwa nyumba. Mwaka 1930 alitengana na mkewe na kuhamia Chicago. Huko alipanga chumba YMCA, tawi la watu weusi. Shirika lililomfungia mlango akiwa mtoto ndilo lililompa pa kulala akiwa hana kitu.

Miaka miwili baadaye akafariki.

Mwaka 1948, baadhi ya waliokuwa waendesha mbio wa zamani waliamua haiwezekani bingwa akalala vile. Kwa msaada wa fedha za Frank Schwinn, mwenye kampuni ya baiskeli ya Schwinn, mwili wake ulihamishiwa sehemu ya heshima ya makaburi yaleyale, ukawekewa alama yenye jina lake.

Na mwaka 1982, Indianapolis, mji uliompiga marufuku kwenye viwanja vyake, ulifungua uwanja mpya wa mbio za baiskeli. Ukapewa jina la Major Taylor.