Harry Brearley na Chuma Kisichoshika Kutu

Somo la kutu katika shule zetu huanza na msumari uliotiwa majini, na mara nyingi huishia hapo hapo. Maisha ya Harry Brearley yaweza kulisogeza mbele, kwa kuwa mtu huyu alifika mbali kwa kutazama jambo lililokataa kutokea.

Alizaliwa Sheffield, Uingereza, tarehe 18 Februari 1871. Baba yake alikuwa myeyushaji chuma, na nyumbani kwao palikuwa pa kimaskini. Alipotimiza miaka 12 aliacha shule akaingia kiwandani kuwa kibarua, kisha akawa mtumishi wa maabara. Kemia aliipata kwa kujisomea nyumbani na katika madarasa ya jioni. Aliyepata kufundisha elimu ya watu wazima anaujua uzito wa kusoma baada ya kutwa ya jasho. Mwaka 1908 alikabidhiwa uongozi wa maabara ya makampuni mawili ya chuma ya mji huo.

Mwaka 1912 aliletewa shida ya mitutu ya bunduki iliyolika upesi. Akachanganya chuma na kromi kwa viwango mbalimbali, na tarehe 13 Agosti 1913 ikamiminwa feleji yenye kromi asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Ili kuchungua chuma kwa hadubini ilimpasa kwanza kukichoma kwa asidi. Feleji hii haikuchomeka. Mwingine angeitupa kuwa haipimiki. Yeye akaijaribu kwa siki na maji ya limau, akawaza visu vya mezani. Waajiri wake hawakuvutiwa. Baadaye wakagombana naye juu ya haki ya uvumbuzi, naye akaondoka mwaka 1915. Alitunukiwa nishani ya Bessemer mwaka 1920, akafariki tarehe 14 Julai 1948.

Mwalimu asifundishe kwamba Brearley alikuwa peke yake. Mfaransa Pierre Berthier aliona mwaka 1821 kuwa chuma chenye kromi hustahimili asidi, na Wajerumani wa Krupp walisajili feleji yao mwaka 1912.

Siri yenyewe ni utando. Kromi hushikana na oksijeni na kufanya ngozi nyembamba isiyoonekana, ambayo ikikwaruzwa hujiziba yenyewe. Wajerumani walipoizamisha meli ya Götzen, ambayo sasa ni Liemba, katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, walizipaka mashine zake grisi nzito, nazo zikaibuliwa mwaka 1924 zikiwa zingali zafaa. Kinga ya grisi hutoka nje; ya feleji hii huzaliwa na chuma chenyewe.

Utando huo sasa unawasumbua watengenezaji wa seli za fueli, zinazozalisha umeme kutokana na hidrojeni na oksijeni. Katika aina moja, vibao vya feleji hukaa kwenye unyevu wenye asidi na joto la nyuzi 80 hivi. Utando ukiwa mnene, umeme hupita kwa shida. Ukiliwa, chembe za chuma huichafua ngozi ya ndani ya seli na kuidhoofisha. Ndiyo sababu vibao hivyo hupakwa kaboni, au hata dhahabu.

Hapa Mkuyuni vifaa vya somo havina gharama: misumari mitatu, vijiko vitatu visivyoshika kutu, na vikopo vya maji ya ziwa, maji ya ndimu na maji ya chumvi. Wanafunzi wabashiri kwanza, kisha waandike waonayo kila siku kwa juma moja. Kijiko cha maji ya chumvi kiachwe mwezi mzima. Chumvi huweza kuutoboa utando, na vidoa vikitokea, mwalimu asivifiche.