Elimu ni ya Nini? Somo Kutokana na Maisha ya Ghazali

Inasimuliwa kwamba Abu Hamid al-Ghazali, alipokuwa kijana, alivamiwa na wanyang'anyi njiani akirejea nyumbani kutoka masomoni. Walimpora kila kitu, ukiwemo mfuko wa madaftari yenye mafunzo ya walimu wake. Akawafuata akiwasihi wamrudishie madaftari tu, kwani humo ndimo ilimokuwa elimu yake. Mkuu wao akacheka, akamuuliza vipi anadai kuwa ana elimu ilhali mwizi aweza kumnyang'anya elimu hiyo akabaki mtupu. Alirudishiwa madaftari yake, na yasemekana alikaa miaka mitatu akiyahifadhi moyoni.

Sisi tunaofundisha vyuoni, na wazazi wanaouza ng'ombe na mashamba ili watoto wapate vyeti, hatuna budi kukitafakari kisa hiki. Kwani swali la mnyang'anyi yule lina sehemu mbili: kujua ni nini, na mtu anajua kwa ajili gani? Maisha ya Ghazali yaonyesha kuwa sehemu hizo hazitenganiki.

Alizaliwa mwaka 1058 mjini Tus, katika nchi ya Uajemi. Alisomea Nishapur chini ya al-Juwayni, na mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, waziri Nizam al-Mulk alimteua kuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya mjini Baghdad. Hapakuwa na cheo cha usomi kilichokuwa na fahari kuliko hicho. Wanafunzi 300 walimsikiliza, na wakuu wa dola wakamwendea kwa ushauri.

Hata hivyo, Ghazali alikuwa mtu wa shaka. Aliona kwamba jicho hutuambia kivuli kimetulia, kumbe kinasogea. Hutuonyesha nyota kuwa ndogo kama sarafu, ilhali hesabu zathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Ikiwa akili huweza kuisuta milango ya fahamu, je, hapawezi kuwa na kitu kilicho juu ya akili kitakachoisuta nayo, kama vile kuamka kunavyoisuta ndoto? Kwa muda wa karibu miezi miwili hakuwa na hakika ya lolote. Kwa maelezo yake, hakuponywa na hoja bali na nuru aliyotiwa moyoni na Mwenyezi Mungu.

Wapo wanaomlaumu kuwa ni adui wa sayansi. Ni kweli kwamba kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, alichokikamilisha mwaka 1095, kiliwashambulia katika masuala 20. Lakini wahenga walisema Mgala muue na haki umpe. Ghazali alisoma falsafa kwanza akaielewa barabara, ndipo akaipinga. Katika hesabu, jiometri na mantiki hakuona la kugombania. Aliwaonya hata waumini kwamba anayekanusha maelezo ya wanajimu kuhusu kupatwa kwa jua, akidhani anaitetea dini, huidhuru dini hiyo. Alichohoji ni kama tunaona kweli kuwa moto ndio uunguzao pamba, au tunaona tu kuwa pamba huungua inapokutana na moto. David Hume wa Scotland alikuja kuuliza swali la namna hiyo hiyo katika karne ya 18. Ibn Rushd, kwa upande wake, alimjibu Ghazali kwa kitabu kizima, na mjadala huo haujaisha.

Mwaka huo huo wa 1095 ndipo msiba ulipomfika. Ghazali alijichunguza nafsi yake, akabaini kuwa mafunzo yake hayakuwa kwa ajili ya Mungu wala ya ukweli, bali ya jina na cheo. Kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku. Hatimaye ulimi ukafungika: alisimama mbele ya wanafunzi asiweze kutamka neno. Chakula nacho kikawa hakipiti kooni. Matabibu wakakata tamaa wakisema kuwa maradhi yametoka moyoni. Mimi ambaye kazi yangu ni kuchunguza lugha sijui kisa kinachonitia hofu kuliko hiki, cha mwalimu aliyekuwa na hoja zote akakosa sauti ya kuzisemea.

Aligawa mali yake akabakisha ya kuwatunza watoto, akaiacha Baghdad. Alikaa Damascus, akaenda Jerusalemu na Hebroni, kisha akahiji Maka. Kaburini kwa Ibrahimu aliweka nadhiri ya kutoingia kwa watawala wala kupokea fedha zao. Ndipo alipoandika kitabu chake kikuu, Ihya, ambacho wanazuoni wa pwani yetu wanakijua vyema. Sehemu yake ya kwanza kabisa ni ya elimu, na humo aliwakemea bila huruma wasomi wanaoifanya elimu kuwa ngazi ya kupandia.

Mwaka 1106, kwa ombi la waziri, alirudi kufundisha Nishapur. Waliomshuku walikuwa na sababu, kwani aliyekimbia cheo alikirudia. Jibu lake ni kuwa kazi ni ile ile, bali nia imebadilika. Hakuna awezaye kuipima nia ya mwenziwe. Alifariki Tus mwezi wa Desemba, 1111.

Siku hizi elimu ya maktaba nzima yatiwa mfukoni kwa simu, na mwizi aweza kuiba yote kwa mkupuo mmoja. Vyeti navyo vyanunuliwa. Kabla ya kumuuliza mwanafunzi anajua nini, yafaa sisi walimu tujiulize tunamfundisha kwa ajili ya nani.