Hayati Paul Bomani na Mzani wa Pamba

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wadogo zetu mnaosoma sasa hapo Didia, nimeombwa niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambayo yanaweza kuwa funzo kwa klabu yetu ya huduma kwa jamii. Nimemchagua hayati Paul Bomani. Sababu ya kumchagua nitaieleza mwishoni, ingawa inanitia aibu kidogo.

Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Mwaka 1944 alipata kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, katika mkoa wetu huu huu wa Shinyanga. Hakukaa sana. Alikwenda Mwanza, na mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa mji ule. Alikuwa kijana wa miaka 22 tu.

Siku zile pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo wake mpaka kituoni. Huko mzani ulikuwa wa mnunuzi, na aliyeusoma alikuwa mtu wa mnunuzi. Wakulima wengi hawakujua kusoma namba. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa kila mahali, lakini malalamiko peke yake hayaongezi uzito wa gunia.

Basi wakulima wakaanza na jambo dogo sana: wakaweka wapimaji wao wenyewe, wasimame kando ya mzani na kuhakikisha kuwa kilichoandikwa ndicho kilichopimwa. Bomani alikuwa miongoni mwa walioieneza kazi hiyo na kuwaunganisha wakulima. Wasukuma hawakuona ugeni katika kushirikiana. Tangu zamani walikuwa na elika, vikundi vya vijana waliolima mashamba kwa pamoja chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Waliozoea kulima pamoja walielewa upesi faida ya kuuza pamoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, Bomani akiwa kiongozi wake. Mwaka 1953 alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Aliporudi, vyama vya msingi vilikuwa vimeenea vijijini, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions. Meneja mkuu akawa Bomani, mwenye umri wa miaka 30. Muungano huo ukapata viwanda vyake vya kuchambua pamba, kimojawapo kikiwa Kasamwa, upande wa Geita. Ilipofika mwaka 1959, pamba ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikinunuliwa na vyama vya ushirika vya wakulima wenyewe. Ni miaka michache tu ilikuwa imepita tangu wapimaji wale wa kwanza waliposimama kando ya mzani.

Mengine mnayafahamu. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria, akawa Waziri wa Kilimo mwaka 1960, kisha Waziri wa Fedha mwaka 1962. Aliiwakilisha nchi yetu kama Balozi huko Marekani kuanzia mwaka 1972 hadi 1983. Baadaye alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki dunia mwezi Aprili 2005.

Lakini historia ya ushirika ina upande wa pili, na si vizuri kuuficha. Vyama vilikua upesi kuliko idadi ya watu waliojua kuweka hesabu. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati ya kuvichunguza, na kamati hiyo ikakuta udhaifu mwingi, pamoja na ubadhirifu wa fedha za wanachama. Mkulima aliyemkimbia mnunuzi mwenye mzani mbovu akaanza kumtilia shaka katibu wa chama chake mwenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982.

Sasa nieleze sababu yangu. Nilipokuwa shuleni nilichaguliwa kuwa mweka hazina wa klabu. Tulipanga kununua matangi ya kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya zahanati ya kijiji. Tulifanya tamasha la ngoma na mpira, wazazi wakaja, hata akina mama wauza karanga wakatoa. Mimi nikatia fedha zote katika mkebe, bila daftari wala stakabadhi. Rafiki akiomba mkopo wa siku mbili, nilimpa. Siku ya kuhesabu fedha zilipungua, na sikuweza kueleza zilikwenda wapi. Sikuiba, lakini hakuna aliyekuwa na njia ya kujua hivyo, hata mimi sikuwa na njia ya kuthibitisha. Baba aliuza mbuzi wawili akalipa pengo. Matangi hayakununuliwa mwaka ule, na tulipopita tena kuomba mchango watu walitusalimia vizuri tu, wakaendelea na shughuli zao.

Nilipokuja kusoma habari za Bomani nikiwa mtu mzima, nilikumbuka mkebe wangu. Yeye na wenzake walianzia kwenye mzani, viwanda vikaja baadaye. Sisi tulianzia kwenye tamasha.

Kwa hiyo, wadogo zetu, mkikutana kupanga miradi ya mwaka huu, ajenda ya kwanza iwe daftari. Kila senti iandikwe mbele ya aliyeitoa, wahesabu watu wawili, na hesabu ibandikwe ukutani ambapo hata muuza karanga ataiona. Mimi naahidi kununua daftari hilo na kitabu cha stakabadhi, na nitavileta mwenyewe siku ya mkutano wetu. Mchango wangu wa tangi nitautoa baada ya kuandikiwa stakabadhi namba moja.