Askofu Steere na Sura ya Herufi Zetu

Hivi karibuni nilihudhuria sherehe ya kutunukia vyeti katika shule moja huko Chawia, katika milima ya Taita. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikipokea cheti cha mjukuu wake, akakisogeza karibu na macho, kisha akakiweka mbali. Jina lilikuwa limechapishwa kwa herufi kubwa za mapambo, zenye mikia na vitanzi, mfano wa mwandiko wa kalamu. Hakuweza kujua kama limeandikwa Wakio au Mwakio. Kwa Wadawida hilo si jambo dogo, kwani Wakio ni jina la mwanamke na Mwakio ni la mwanamume.

Tukio hilo lilinikumbusha maisha ya Edward Steere, mtu ambaye kila mwalimu wa Kiswahili hana budi kumfahamu.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria hadi kupata shahada ya udaktari, kisha akaiacha kazi hiyo na kuwa kasisi. Mwaka 1863 alifuatana na Askofu Tozer kuja Afrika, na mwaka uliofuata misheni yao ikahamia Unguja. Huko Steere alianza kujifunza lugha, akiwasikiliza wenyeji na kuziandika hadithi walizomsimulia. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa chapa, na vijana waliookolewa utumwani walifundishwa kuzipanga herufi za risasi, moja baada ya moja.

Hapo ndipo swali la herufi lilipojitokeza. Ikumbukwe kwamba Kiswahili hakikuwa lugha isiyoandikwa. Kwa karne kadhaa washairi na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakikiandika kwa hati ya Kiarabu. Lakini hati hiyo ina alama tatu tu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Na sauti kama p, v na ch hazikuwa na herufi zake katika Kiarabu. Aidha, herufi zake huungana na kubadilika umbo kulingana na mahali zilipo katika neno, hivyo mpiga chapa huhitaji vipande vingi mno.

Kwa upande mwingine, wataalamu wa Ulaya, akiwamo Lepsius wa Ujerumani, walikuwa wamebuni alfabeti zenye nukta na vistari vingi juu na chini ya herufi. Steere hakuifuata njia hiyo. Alichagua herufi za Kirumi zinazopatikana katika kila kiwanda cha chapa: konsonanti zitamkwe takriban kama za Kiingereza, na irabu kama za Kiitaliano. Palipokuwa na haja ya kutofautisha, kama katika ng'ombe, alama ya kawaida ya ritifaa ilitosha.

Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, pamoja na mkusanyo wa hadithi za Unguja. Mwaka 1874 alitawazwa kuwa askofu. Alisimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa, na akalitafsiri Agano Jipya. Alifariki Agosti 1882, akazikwa katika kanisa hilohilo. Kiunguja alichokichapisha ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Uamuzi wa Steere ulikuwa na hasara zake. Herufi zake hazionyeshi tofauti za sauti ambazo Mswahili wa Mombasa huzisikia waziwazi. Na hati ya Kirumi iliposhika shule na ofisi, wazee wengi wa pwani waliosoma na kuandika vizuri kwa hati yao walihesabiwa kuwa hawakusoma. Hilo lisisahauliwe. Hata hivyo, hapana shaka kwamba shabaha yake ilikuwa njema: kila msomaji, hata mgeni wa lugha, alitambue neno bila kubahatisha.

Herufi za mapambo za vyeti na kadi za harusi zina asili nyingine. Zinaiga mwandiko wa walimu wa hati wa Uingereza wa karne ya 18, uliochongwa juu ya bamba la shaba na George Bickham katika kitabu chake mashuhuri kilichotolewa kati ya mwaka 1733 na 1741. Ni mwandiko mzuri ajabu. Lakini herufi zake kubwa zilikusudiwa kufungua neno, zikifuatwa na ndogo. Ukizipanga kubwa tupu, kama ambavyo kompyuta huturuhusu, unapata kichaka cha mikia.

Siyakatai mapambo. Cheti ni fahari ya mtoto na ya ukoo wake. Ninachowasihi walimu na wanafunzi ni hiki: maneno ya heshima ya juu yapambwe, lakini jina, tarehe na mahali viandikwe kwa herufi zinazosomeka. Mtoto wa Chawia atakayekipeleka cheti chake Voi au Nairobi kutafuta kazi atakabidhi karatasi hiyo kwa mtu asiyemjua. Karatasi ikikosea jina lake kwa wingi wa urembo, itakuwa imemnyima kile hasa alichopewa.