Louis Pasteur: Mwanasayansi aliyeiombea maabara fedha kupitia divai

Mkulima wa korosho wa Palma au Mocímboa da Praia anaujua ugonjwa wa ubwiriunga: maua hufunikwa na unga mweupe, hukauka, na msimu huwa umepotea kabla ya tunda kuonekana. Ng'ambo ya mto Ruvuma, mkoani Mtwara, wakulima huupiga vita kwa vumbi la salfa. Dawa hiyohiyo ilitumiwa na wakulima wa zabibu wa Ufaransa katika miaka ya 1850, walipovamiwa na ukungu wa jamii hiyo. Nyuma ya dawa ya namna hii kuna mtu aliyelipwa ili achunguze, au aliyeomba fedha hizo kwa miaka mingi. Mmoja wa waombaji mashuhuri wa aina hiyo alikuwa Louis Pasteur.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi, askari mstaafu wa jeshi la Napoleon wa kwanza. Familia ilihamia Arbois, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mizabibu, na huko ndiko mtoto alikokulia. Hata kazi yake ya kwanza kubwa ilitokana na zabibu: mwaka 1848 alichunguza fuwele za asidi zipatikanazo katika mashapo ya mapipa ya divai, akagundua kuwa zimegawanyika mara mbili, nusu ikiwa mfano wa mkono wa kulia na nusu wa kushoto.

Miaka mitano baadaye Chama cha Wafamasia cha Paris kilimtunza faranga 1,500 kwa utafiti wake kuhusu asidi hizo. Wakati huo alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini Strasbourg, mwenye mke na watoto. Nusu ya tuzo aliitumia kununulia vifaa ambavyo maabara ya chuo haikuwa na uwezo wa kuvipata.

Mwaka 1857 alirejea Paris kusimamia masomo ya sayansi katika chuo cha École Normale. Cheo kilikuwa kikubwa, lakini hapakuwa na maabara wala fungu la fedha. Alijitafutia vyumba viwili vya darini, akavitengeneza kwa fedha zake mwenyewe. Baadaye alipewa kibanda kidogo, na kabati la joto la kuoteshea vijidudu likalazimika kukaa chini ya ngazi, mahali ambapo mtu aliingia kwa kutambaa kwa magoti. Katika hali hiyo alithibitisha kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho.

Uthibitisho huo ulikuwa na thamani ya fedha. Mkataba wa biashara wa mwaka 1860 ulikuwa umeifungulia divai ya Ufaransa soko la Uingereza, lakini mzigo mwingi uliharibika njiani au ghalani: ukawa mchungu, ukavutika kama ute au ukageuka siki. Wakazi wa pwani hawahitaji kuelezwa jambo hilo, kwani tembo la mnazi lililogemwa asubuhi likilala siku chache huwa siki. Tofauti ni kwamba kwa Ufaransa hasara hiyo iliigusa hazina ya taifa. Mwaka 1863 Mfalme Napoleon wa Tatu alimtaka Pasteur achunguze chanzo chake na tiba yake.

Pasteur alikwenda Arbois. Baraza la mji lilijitolea kumpa nyumba na kumlipia gharama, naye akakataa, kwa kuwa hakutaka kufungwa na deni la wenyeji. Alipanga chumba kilichokuwa mkahawa, na pamoja na wanafunzi wake akaanza kazi kwa vifaa vilivyotengenezwa na mafundi wa mjini. Kwa hadubini aliona kwamba kila ugonjwa wa divai una kijidudu chake. Kisha akapata njia ya kuvizuia: kuipasha divai moto wa kati ya nyuzi 50 na 60 kwa muda mfupi, bila hewa kuingia. Hataza ya mbinu hiyo aliipata mwaka 1865, kisha akaiachia umma uitumie bure. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kuhusu divai na magonjwa yake.

Sifa haikuja bila ubishi. Wapo waliokumbusha kwamba Nicolas Appert alikuwa amekwisha kuhifadhi vyakula kwa joto miongo kadhaa kabla, na Pasteur mwenyewe alilitambua hilo. Jipya katika kazi yake lilikuwa sababu: alionyesha joto linaua nini. Jeshi la majini lilifanya jaribio kwa divai ya lita 500 katika meli ya Jean Bart, nusu ikiwa imepashwa moto na nusu haikuguswa. Baada ya miezi kumi baharini iliyopashwa ilikuwa safi, na nyingine ilikuwa imeanza kuchacha.

Hata hivyo, mtu aliyeokoa mali ya taifa alikuwa bado anafanya kazi katika kibanda kilekile. Septemba 1867 alimwandikia mfalme akiomba maabara ya kufaa. Mfalme alikubali na kumwagiza waziri wa elimu, lakini kabla ya mwaka kwisha Pasteur alielezwa kwamba fedha hazipo. Wakati huohuo mamilioni ya faranga yalikuwa yakimiminwa katika ujenzi wa jumba jipya la opera la Paris.

Hapo Pasteur alitoka katika adabu ya kusubiri. Mwanzoni mwa 1868 aliandika makala kuhusu bajeti ya sayansi, akieleza jinsi wataalamu wakubwa wa Ufaransa walivyofanya kazi katika vyumba vyenye unyevu na giza, na akaitaka nchi izione maabara kama mahali pa kuzalisha utajiri na afya. Gazeti rasmi la serikali halikuichapa. Ilipotoka katika jarida la kisayansi na kisha kama kijitabu, ilimfikia mfalme, ambaye mwezi Machi aliwaita wanasayansi kadhaa, Claude Bernard akiwa miongoni mwao, wajadili suala hilo mbele yake. Faranga 60,000 zilipatikana: nusu kutoka wizarani na nusu kutoka fungu la mfalme.

Ujenzi ulianza, lakini tarehe 19 Oktoba 1868 Pasteur alipatwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 45. Upande wa kushoto wa mwili wake ulipooza. Akiwa kitandani alitambua kwamba mafundi wamesimamisha kazi: maofisa walimhesabu kuwa maiti, na hawakuona haja ya kumjengea marehemu. Habari zilipofika kwa mfalme, kazi ikaendelea. Pasteur aliishi miaka 27 zaidi, na sehemu kubwa ya yale ambayo dunia inamkumbuka kwayo, zikiwemo chanjo za kimeta na kichaa cha mbwa, aliyafanya baada ya siku hizo.

Fedha pekee, hata hivyo, hazikununua kila jibu. Mdudu wa filoksera alipokuwa akiangamiza mizabibu, serikali ya Ufaransa mwaka 1874 ilitangaza tuzo ya faranga 300,000 kwa atakayepata dawa. Haikulipwa kamwe. Mashamba yaliokolewa kwa kuunganisha vikonyo vya mizabibu ya Ulaya na mashina ya Marekani yenye mizizi inayomstahimili mdudu huyo, kazi ya subira ya watu wengi kwa miaka mingi.

Mwaka huohuo wa 1874 Bunge lilimpa Pasteur pensheni ya faranga 12,000 kwa mwaka. Na baada ya chanjo ya kichaa cha mbwa kufaulu mwaka 1885, michango ilitoka pande zote, kwa Mfalme wa Urusi na kwa watu wa kipato kidogo, ikajenga Taasisi ya Pasteur iliyofunguliwa Paris tarehe 14 Novemba 1888. Mwanzilishi wake alifariki tarehe 28 Septemba 1895.

Leo jina lake lipo kwenye pakiti za maziwa yaliyopashwa moto kwa mbinu aliyoijaribu kwanza katika divai ya mji wa utotoni mwake. Kwenye pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, ambako korosho, minazi na mihogo vina magonjwa yake na mashamba mengi yaliachwa na wenyewe tangu vita vilipoanza mwaka 2017, hoja aliyoipigania haijazeeka. Mtafiti huhitaji chumba, vifaa na mshahara kabla ya msimu kuharibika, na mkulima hupata jibu pale tu mtu fulani alipokubali kulilipia mapema.