Padri Aliyeipoza Mbegu kwa Theluji

Hapa Diani na Msambweni, ambako joto la Februari na Machi hupita nyuzi 30, yafaa tumkumbuke mtu aliyefanya baadhi ya majaribio yake kwa theluji. Namkusudia Lazzaro Spallanzani, mwanasayansi wa Italia. Naamini ya kwamba maisha yake yana faida zaidi kwa wanafunzi wa Kwale kuliko orodha ya majina wanayoyakariri kwa ajili ya mtihani.

Alizaliwa Scandiano tarehe 12 Januari 1729. Baba yake alikuwa wakili, naye akaenda Bologna kusomea sheria. Huko alikuwako jamaa yake, Bi Laura Bassi, profesa wa fizikia katika zama ambazo milango ya vyuo vikuu vya Ulaya ilikuwa imefungwa mbele ya takriban wanawake wote. Kwa mvuto wa bibi huyo Spallanzani aliiacha sheria, akashika sayansi. Alipata upadri, akafundisha Reggio na Modena, na tangu mwaka 1769 Pavia, ambako alifariki tarehe 11 Februari 1799.

Mwaka 1776 aliona ya kwamba mbegu za kiume zikipozwa kwa theluji hutulia kama zilizokufa, na zikipashwa moto huamka tena. Baadaye alimfungia mbwa jike, akamtia mbegu za dume kwa bomba lililopashwa joto la mwili. Baada ya siku 62 mbwa yule akazaa watoto watatu. Ndipo uhamilishaji ulipothibitishwa kwa wanyama wanaonyonyesha.

Hata hivyo, Spallanzani aliamini ya kuwa kiumbe tayari kimo ndani ya yai, na vijidudu vilivyoogelea katika manii havina kazi. Akayachuja manii ya vyura. Maji yaliyopita katika chujio hayakutungisha mimba. Masalio yaliyobaki juu yake yakatungisha. Ushahidi ulikuwa mkononi mwake, naye hakuiacha imani yake. Ilibidi Prévost na Dumas warudie jaribio hilo mwaka 1824 ndipo maana yake ikakubaliwa.

Mbegu za fahali leo hugandishwa katika naitrojeni ya maji, kwenye nyuzi 196 chini ya sufuri, zikadumu miaka mingi. Nchini Kenya kituo cha taifa cha kazi hiyo kilianzishwa Kabete mwaka 1946, na wafugaji wa ng'ombe wa Kinango wanaweza kufaidika na elimu hiyo. Mbegu za nguruwe ni dhaifu mno kwa baridi. Hukorogwa katika maji yenye sukari na chumvi maalumu, pamoja na dawa ya kuzuia bakteria, kisha huwekwa kwenye nyuzi 17 hivi, zikafaa kwa siku chache tu.

Najua ya kwamba wengi wetu Kwale ni Waislamu, na nguruwe si mfugo wetu. Lakini mfano wake unafundisha vizuri kuliko mwingine wowote. Friji ya nyumbani, yenye nyuzi 4 hivi, huziharibu mbegu hizo. Hewa ya Diani nayo huzichakaza upesi. Mfugaji aliyekariri tu kwamba baridi huhifadhi atapata hasara: jike halishiki mimba, naye angoje siku 21 hivi hadi joto lirudi. Aliyefahamu sababu atatafuta kipimajoto na sanduku linalotunza nyuzi 17.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu tumtahini mwanafunzi kwa jinsi anavyousoma ushahidi. Tumpe matokeo ya chujio la Spallanzani kabla ya kumpa jibu, kisha tumwulize yanamaanisha nini. Profesa wa Pavia, pamoja na ustadi wake wote, alishindwa na swali hilo. Mtoto wa Msambweni aliyezoezwa kuyaamini macho yake kuliko dhana yake anaweza kulijibu.