Seydou Keïta: Aliyeanza na shuka la kitanda

Wewe unayengoja kamera ya bei ndipo uanze kupiga picha, hebu msikie Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali.

Shule hakwenda. Alikuwa akijifunza useremala pale ami yake alipomletea kamera ndogo ya Kodak kutoka Senegal mwaka wa 1935. Basi, akanaswa!

Mwaka wa 1948 alifungua studio nyumbani kwake. Alitundika shuka lake la kitanda uani, mwanga ukawa hasa wa jua. Mteja aliyetaka kupendeza zaidi aliazimwa suti, tai, saa, redio, hata pikipiki ya Vespa. Filamu ilikuwa ghali, kwa hivyo kila mtu alipigwa picha moja. Moja tu, si kumi kama wewe na simu yako! Ndiyo maana Keïta hakuwa na haraka: alikugeuza kichwa kidogo, akakupangia mikono, akalitandaza gauni. Raha yake ilikuwa kuona mtu wa kawaida akitoka vile alivyotamani kuonekana.

Mwaka wa 1962 serikali ilimchukua awe mpigapicha wake, na studio ikafungwa. Lakini negativu alizitunza. Mwaka wa 1991 picha zake zilionyeshwa New York bila jina lake. Mwenyewe akatafutwa, akapatikana Bamako, na 1994 Paris ikamfanyia maonyesho. Alifariki 2001.

Kesho ukipita kwa mama mboga wako, muombe umpige picha. Moja tu. Ila kwanza mwangalie vizuri.